Chikichi la Joho: Kisa cha Michikichi ya Tishu na Kipande cha DNA Kilichofunguka

Kisa hiki, cha michikichi iliyonakiliwa maabara kisha ikazaa matunda yenye kasoro, kilitokea katika mashamba ya Asia ya Kusini-Mashariki, hasa Malaysia, na kilichukua takriban miaka 30 kabla ya mtu kuweza kuonyesha kwa kidole mahali kosa lilipokaa. Majina ya kampuni, mashamba na maabara zilizozalisha ile miche nimeyaondoa. Tatizo halikuwa la kampuni moja, na anayesoma ili ajifunze hapotezi chochote kwa kutoyajua. Utafiti uliochapishwa hadharani nimeutaja kama ulivyo.

Nimekichagua kwa sababu darasani vipande vya DNA vinavyohama, yaani transposoni, huelezwa kama historia ya kale: mababu wa mimea, mamilioni ya miaka, jenomu (jumla ya DNA ya kiumbe) zilizovimba. Wanafunzi huandika, hukariri, husahau. Hapa tuna kipande kimoja cha aina hiyo ambacho hakikuhama hata hatua moja, na bado kiliharibu mavuno ya miti iliyokuwa imechaguliwa kwa ubora wake.

Usuli: mti usioweza kukatwa pingili

Mchikichi ni mti wa Afrika. Asili yake ni Afrika Magharibi na ya Kati, na mtu wa Kigoma, Uvira au Bujumbura hahitaji kuelezwa mawese ni nini. Mwaka 1848 miche minne ilipandwa katika bustani ya mimea ya Bogor, kisiwani Java, na uzao wa miche hiyo minne ndio uliokuja kuwa msingi wa mashamba makubwa ya Asia. Shamba la kwanza la kibiashara Malaysia lilianzishwa mwaka 1917.

Michikichi hutofautiana kwa ganda la kokwa. Dura ina ganda nene. Pisifera haina ganda, lakini kwa kawaida mashazi yake hayakomai. Ukizichanganya hizi mbili unapata tenera, yenye ganda jembamba na nyama nyingi, ambayo hutoa mafuta takriban asilimia 30 zaidi ya dura. Waliotambua kwamba jambo hili linaongozwa na jeni moja tu walikuwa Beirnaert na Vanderweyen, wakifanya kazi Yangambi, Congo, na walichapisha matokeo yao mwaka 1941. Baada ya hapo, hatua kwa hatua, miche ya biashara ikaja kutokana na mbegu za dura na pisifera.

Mbegu ina kasoro yake. Kila mbegu ni mtoto tofauti, na katika shamba moja la tenera utakuta mti unaojaza mashazi mwaka mzima umesimama jirani na ndugu yake mvivu. Mkulima yeyote angetamani kunakili ule mmoja. Mgomba hutoa machipukizi, muhogo hukatwa pingili, mkonge hutoa vikonyo. Mchikichi hauna lolote kati ya hayo. Una ncha moja tu ya kukua, kule juu katikati ya makuti, na ukiigusa umeua mti.

Njia iliyobaki ilikuwa maabara. Katika miaka ya 1970 watafiti wa Uingereza na wa Ufaransa, kila upande kwa njia yake, walifanikiwa kuchukua vipande vidogo vya mzizi au jani changa, kuviweka kwenye chupa yenye virutubisho na homoni, na kuvifanya viwe bonge la seli lisilo na umbo, yaani kalusi. Kutoka kwenye kalusi hiyo zilichipua embrio, yaani viinitete, na kutoka kwenye embrio miche. Matarajio yalikuwa ongezeko la mavuno la asilimia 20 hadi 30 juu ya miche ya mbegu. Kwa zao ambalo mti wake hukaa shambani takriban miaka 25, faida hiyo si ndogo. Ilimaanisha pia mafuta zaidi kwenye ardhi ileile, bila kufyeka msitu mwingine.

Wapangaji wa jenomu

Kabla ya kuingia shambani, tuweke sawa jambo moja kuhusu DNA ya mimea. Sehemu kubwa yake si jeni za kutengeneza mmea. Katika mahindi, karibu asilimia 85 ya jenomu ni transposoni: vipande vilivyojinakili na kujipachika huku na kule kizazi baada ya kizazi. Vingine hukata na kuhama, vingine hujinakili kupitia RNA, nakala ya kazi ya DNA, na kubandika nakala mpya mahali papya. Hivi vya pili ndivyo vinavyoitwa retrotransposoni, na ndivyo vinavyonenepesha jenomu. Kuna mpunga wa porini wa Australia ambao jenomu yake ilikaribia kuongezeka maradufu ndani ya miaka milioni chache kwa sababu ya familia tatu tu za retrotransposoni.

Mmea ukiachia vipande hivi huru, utadhurika. Kwa hiyo umejenga ulinzi. Seli hutengeneza RNA fupi sana, zenye herufi 24, zinazofanana na mfuatano wa transposoni. RNA hizo huelekeza vimeng'enya viibandike ile DNA alama za kemikali ziitwazo methili. DNA yenye methili nyingi hunyamaza: haisomwi, hainakiliwi, haihami. Kila seli inapogawanyika, alama hizo lazima zinakiliwe pia pamoja na herufi. Hapo ndipo pa kukumbuka. Herufi za DNA hunakiliwa kwa uaminifu mkubwa mno. Methili hunakiliwa kwa uaminifu pia, ila hutegemea mizunguko ya vimeng'enya na RNA inayolishana yenyewe kwa yenyewe, na mzunguko ukikatika mahali, alama ya mahali hapo haijirudishi kirahisi.

Barbara McClintock, aliyegundua transposoni kwenye punje za mahindi katika miaka ya 1940, alipokea Tuzo ya Nobel mwaka 1983. Katika mhadhara wake wa tuzo alizungumzia jinsi jenomu inavyotikisika inapopata mshtuko, na miongoni mwa mishtuko aliyoitaja ulikuwa huu hasa wa kuondoa seli za mmea mahali pake na kuzikuza kwenye chupa. Miaka miwili kabla, mwaka 1981, watafiti Larkin na Scowcroft walikwisha kuipa jina hali ya mimea ya tishu, yaani iliyokuzwa chupani, kutofautiana na mama yake. Nayaweka haya hapa mapema kwa sababu tutayarudia.

Yaliyotokea, kwa mfuatano

Miche ya kwanza ya klooni, yaani nakala za mti mama mmoja zilizokuzwa maabara, iliingia shambani mwishoni mwa miaka ya 1970. Ilikuwa michache, ilikua vizuri, na ilipoanza kuzaa ilionekana ya kawaida. Kwa kutiwa moyo na hilo, maabara kadhaa zilianza kuzalisha kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Mchikichi hautoi maua kitaluni. Mche hukaa kitaluni mwaka mmoja hivi, hupandwa, kisha hupita miaka miwili au mitatu kabla ya mashazi ya kwanza. Katika muda wote huo miche ya klooni ilikuwa ya kuvutia: makuti ya kijani kizima, urefu sawa, safu zilizonyooka.

Kisha maua yakaja, na baadhi ya miti ikazaa kitu kisichofanana na chikichi. Kila tunda lilizungukwa na vijitunda vya nyama vilivyolikumbatia pande zote, kama mtu aliyejifunika joho. Kwa Kiingereza waliita hali hiyo kwa neno lenye maana hiyo hiyo, na mimi nitaliita chikichi la joho. Matunda mengi ya namna hiyo hayakuwa na mise ndani. Katika miti iliyoathirika kidogo, mashazi yalikomaa lakini kwa mafuta pungufu. Katika miti iliyoathirika sana, mashazi yalioza au kudondoka kabla ya kukomaa. Mti mzima, wenye afya, uliokula mbolea miaka minne, haukutoa kitu.

Taarifa ya kwanza iliyochapishwa kuhusu kasoro hii ilitoka mwaka 1986. Wastani uliozoeleka kutajwa ni asilimia 5 ya miti, lakini wastani huo unaficha mengi. Klooni moja ilikuwa safi kabisa, nyingine kutoka maabara ileile, kwa watu walewale, ikaharibika karibu yote. Piga hesabu kidogo: hekta moja hubeba takriban miti 140. Asilimia 5 ni miti saba kwa hekta. Pengine mkulima angevumilia. Ila hakuna aliyeweza kumwambia mkulima kama klooni aliyonunua ni ya asilimia 5 au ya asilimia 90, na jibu lingekuja miaka minne baadaye, likiwa limekwisha kumgharimu.

Mambo mengine matatu yaliyoonekana shambani yaliwachanganya watu zaidi. La kwanza, mti mmoja uliweza kuwa na mashazi ya kawaida na mashazi ya joho kwa wakati mmoja. La pili, baadhi ya miti iliyoathirika ilipona yenyewe baada ya miaka, ikaanza kuzaa matunda ya kawaida, hasa ile iliyokuwa na kasoro ndogo. La tatu, kasoro iliporithiwa kupitia mbegu, haikufuata hesabu za urithi za Mendel. Mabadiliko ya kawaida ya herufi za DNA hayana tabia hizi. Herufi ikibadilika, imebadilika. Hairudi yenyewe ilivyokuwa, katika mti baada ya mti.

Maamuzi, na kwa nini yalifanywa

Uamuzi wa kwanza, wa kupanda kwa wingi kabla ya kuona maua ya klooni za kutosha, ulikuwa na sababu zake. Kusubiri kila klooni itoe maua na mavuno ya miaka kadhaa kungechukua karibu muongo mmoja. Soko lilikuwa linakua, miche ya kwanza ilikuwa imefanya vizuri, na nadharia ilisema kwamba nakala ni nakala: DNA ya mtoto ni DNA ya mama. Ninaielewa hoja hiyo. Ila ilihukumu njia ya uzalishaji wa wingi kwa ushahidi wa njia ya uzalishaji wa uchache. Kalusi za mwanzo zilikaa chupani muda mfupi. Zilizofuata, ili zitoe maelfu ya miche, ziligawanywa na kugawanywa tena kwa miezi na miaka. Mshtuko uliongezwa, kipimo kikabaki kilekile.

Uamuzi wa pili ulikuja baada ya 1986. Wako waliopunguza au kusimamisha kabisa uzalishaji. Wako walioendelea kwa uangalifu, wakaweka masharti: kalusi isigawanywe mara nyingi, kila mstari wa seli utoe idadi ndogo tu ya miche, kila klooni ijaribiwe shambani kabla ya kuuzwa, na shamba lichanganye klooni nyingi ili moja ikiharibika isiondoke na mavuno yote. Masharti haya yalitoka kwenye uzoefu mtupu, kwa kuwa hakuna aliyejua kiini cha tatizo. Maabara za Ufaransa ziliongeza uchunguzi muhimu: kalusi ngumu yenye vinundu ilitoa miti ya joho kwa kiwango cha asilimia 5 hivi, lakini kalusi laini inayokua haraka ilitoa miti ya joho karibu yote. Mtu akitaka kasi, analipa kwa matunda. Kwangu mimi huu ulikuwa uamuzi mzuri kuliko yote katika kisa kizima, kwa sababu ulipunguza hasara kwa miaka mingi bila kusubiri maelezo kamili.

Uamuzi wa tatu ulihusu mahali pa kutafuta. Watafiti walianza na herufi. Walilinganisha DNA ya miti ya kawaida na ya joho kwa alama za mfuatano zilizokuwepo wakati huo, na hawakupata tofauti ya kuaminika. Mwaka 2000 kikundi cha Ufaransa kilipima kiasi cha methili katika jenomu nzima na kukuta kwamba miti ya joho ina upungufu. Upungufu wenyewe ulikuwa mdogo, umetawanyika, lakini ulikuwepo. Kuanzia hapo mashaka yalihama kutoka kwenye herufi kwenda kwenye alama zilizo juu ya herufi, yaani epijenetiki.

Jeni ileile, mlango mwingine

Umbo la tunda lenyewe lilikuwa limetoa dokezo kubwa. Vijitunda vinavyolizunguka chikichi la joho viko mahali ambapo stameni (viungo vya kiume vya ua), au mabaki yake katika ua la kike, zilipaswa kuwa. Tangu kazi zilizofanywa kwenye mimea mingine mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilijulikana kwamba kundi moja la jeni huliambia ua mahali pa kutengeneza petali na stameni. Jeni za kundi hilo zikilegea, mahali pa stameni hujengwa kapeli, kiungo kinachokuwa tunda. Kwa hiyo watafiti waliikodolea macho jeni ya kundi hilo katika mchikichi, iitwayo DEFICIENS, na wakakuta kweli kwamba utendaji wake umepungua katika maua ya joho.

Mwaka 2014 watafiti wa kikundi cha Ufaransa walichapisha uchunguzi makini wa jeni hiyo. Walipima methili ndani yake: hakukuwa na tofauti. Walipima retrotransposoni mbili zilizo jirani, moja ndani ya introni (sehemu ya jeni ambayo seli huikata na kuitupa) na nyingine mbele ya mahali jeni inapoanzia kusomwa: zote mbili zilikuwa zimefungwa barabara kwa methili, katika miti ya kawaida na ya joho sawasawa. Walikuta jambo moja la ajabu, kwamba jeni hutoa nakala mbili za RNA, ndefu na fupi, na uwiano wake hubadilika kulingana na aina ya ua. Walikuwa wamesimama mlangoni kabisa.

Mwaka 2015 kikundi kingine, cha Bodi ya Mafuta ya Mawese ya Malaysia pamoja na washirika wa Marekani, wakiwemo watafiti wa maabara ya Cold Spring Harbor alikofanya kazi McClintock, kilitoa jibu. Wao hawakuanza na jeni wanayoishuku. Walitumia jenomu ya mchikichi iliyokuwa imechapishwa mwaka 2013 kutengeneza kipimo cha methili cha jenomu nzima, wakakusanya miti kutoka vyanzo mbalimbali: miti mama, klooni zao za kawaida, na klooni zao za joho. Kisha wakauliza swali moja tu: ni mahali gani ambapo miti yote ya joho, bila kujali imetoka wapi, imepoteza methili, na miti yote ya kawaida inayo?

Jibu lilianguka ndani ya DEFICIENS. Ndani ya introni ndefu ya jeni hiyo kuna retrotransposoni nyingine, ya familia tofauti na zile mbili zilizopimwa awali, inayofanana na kipande cha mpunga kiitwacho Karma. Katika mti wa kawaida Karma ina methili nzito. Katika mti wa joho methili hiyo imetoweka, na RNA fupi zinazoilinda zimepungua.

Inavyofanya kazi ni hivi. Seli inaposoma jeni, hunakili yote, pamoja na introni, kisha hukata introni na kuunga vipande vyenye maana. Ndani ya Karma kuna herufi zinazofanana na alama ya "ungia hapa". Karma ikiwa na methili, seli huipita bila kuiona. Methili ikiondoka, seli huunga mahali pasipo pake, husoma kidogo ndani ya Karma, na kuishia hapo. Inatoka nakala fupi ya DEFICIENS, isiyokamilika. Stameni hukosa maagizo yake na tunda huvaa joho.

Watafiti waliziita hali hizo mbili Karma njema na Karma mbaya. Katika miti iliyopona yenyewe, methili ilikuwa imerudi. Katika miti yenye matunda mchanganyiko, hali ya methili ililingana na hali ya tunda. Yale mambo matatu yaliyokuwa yamewachanganya watu tangu miaka ya 1980, yote yalipata maelezo kwa mara moja: alama ya methili inaweza kupotea katika seli moja ikabaki katika jirani yake, na inaweza kurudi, jambo ambalo herufi haiwezi.

Matokeo

Tokeo kubwa la kazi hiyo ni kipimo. Kipande kidogo cha jani la mche kikipimwa methili kwenye Karma, karibu na mahali pa kuungia, kinatabiri tunda litakalokuja miaka minne baadaye. Miche mibaya hutupwa ikiwa bado michanga, kabla ya kula mbolea na kuchukua nafasi ardhini. Klooni ambazo wazalishaji waliogopa kuzizalisha kwa wingi zimeweza kurudi mezani.

Hasara ya nyuma haikurudi. Miti ya joho iliyopandwa katika miaka ya 1980 iling'olewa, au iliachwa isimame shambani ikitumia maji na mwanga wa jirani zake. Miaka ile ya tahadhari pia ni hasara, ya mavuno ambayo hayakupatikana.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichoshindwa

Kilichoshindwa mapema kabisa ni dhana kwamba nakala ya DNA ni nakala ya mmea. Onyo lilikuwepo. Larkin na Scowcroft 1981, McClintock 1983: wote walikuwa wamechapisha kabla ya taarifa ya 1986, na wote walizungumzia chupa. Siwalaumu wazalishaji kwa kutojua Karma, ambayo hakuna aliyeijua. Nawalaumu kidogo kwa kutojaribu njia yao ya wingi kwa muda wake kamili, kwa sababu hilo halikuhitaji elimu ya molekuli. Lilihitaji kusubiri maua.

Kilichoshindwa pia ni jicho. Miche ya klooni ilichaguliwa kitaluni kwa uzuri wa makuti, na makuti hayana habari yoyote kuhusu stameni. Jeni ya DEFICIENS hufanya kazi uani. Mche wenye Karma mbaya unaweza kuwa ndio mrefu kuliko yote.

Ulinganisho wa utafiti wa 2014 na wa 2015 ndio ninaoupenda kuufundisha zaidi. Ni rahisi kusema wa kwanza walikosea. Hawakukosea. Walipima walichosema watapima, na walichokikuta kilikuwa kweli: retrotransposoni zile mbili hazikuhusika. Nakala fupi ya jeni waliiona kwa macho yao. Ila walichagua washukiwa wawili kati ya wakazi wa mtaa wenye wapangaji wengi, na aliyehusika alikuwa wa tatu. Wa pili walipita nyumba kwa nyumba. Kupita nyumba kwa nyumba ni ghali, na kusingewezekana kabla ya jenomu ya 2013. Anayefanya utafiti kwa fedha kidogo ataanza na washukiwa, na ni haki yake, mradi matokeo yake yaseme wazi ni nani hakuhojiwa.

Nguvu nyingine ya utafiti wa 2015 ilikuwa mpangilio wa sampuli. Kulinganisha mti wa joho na mti wowote wa kawaida kungeleta maelfu ya tofauti zisizohusika. Kulinganisha ndugu wa chupa moja, wenye mama mmoja na DNA moja, na kurudia hivyo kwa mama baada ya mama kutoka vyanzo tofauti, kulichuja kelele zote mpaka likabaki jambo moja.

Karma katika mageuzi ya jenomu

Mtu anaweza kuuliza kwa nini mchikichi umebeba bomu la namna hii ndani ya jeni muhimu. Jibu ni kwamba kwa mchikichi wa kawaida, anayezaliwa kwa mbegu, si bomu. Retrotransposoni ilijipachika ndani ya introni, mahali ambapo seli hukata na kutupa. Ulinzi wa methili ukaifunika. Jeni ikaendelea na kazi, uteuzi wa asili haukupata sababu ya kuiondoa, na kizazi baada ya kizazi ikarithiwa. Jenomu za mimea zimejaa wapangaji wa aina hii, waliovumiliwa kwa sababu wamenyamazishwa. Gharama yake ni kwamba jeni kama DEFICIENS sasa inategemea ukimya wa jirani yake ili ifanye kazi vizuri. Jeni na kufuli la transposoni vimekuwa kitu kimoja.

Upande wa pili wa jambo hilohilo ndio uliotupa chakula. Mahindi yana shina moja nene badala ya matawi mengi kama babu yake wa porini kwa sababu, kwa sehemu, retrotransposoni iitwayo Hopscotch ilijipachika mbali kidogo na jeni ya matawi na kuiongezea nguvu. Ilikuwa imekwisha kujipachika angalau miaka 10,000 kabla ya binadamu kuanza kulima mahindi. Ilikaa ndani ya mimea ya porini mpaka wakulima wa Mexico walipoichagua bila kujua. Zabibu nyeupe ni zabibu nyeusi ambazo retrotransposoni ilizima mojawapo ya jeni zake za rangi. Zile mbaazi zenye mikunjo ambazo Mendel alizihesabu katika karne ya 19 zilikuwa na kipande cha aina ya transposoni kilichovunja jeni ya wanga.

Tofauti kati ya mpunga na mchikichi inafundisha jambo la mwisho. Mpunga una retrotransposoni iitwayo Tos17. Katika aina moja ya mpunga wa Japani ipo kwa nakala 2 tu, na iko kimya. Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba mpunga ukikuzwa kwenye chupa, Tos17 huamka na kuhama, na mimea inayotoka hubeba nakala mpya 5 hadi 30. Hizo ni herufi mpya, za kudumu, na watafiti walizitumia kuvunja jeni moja moja ili kujua kazi zake. Karma ya mchikichi ilipata mshtuko uleule lakini haikuhama. Kulegea kwa kufuli tu kulitosha kubadilisha umbo la ua. Kwa hiyo transposoni ina njia mbili za kugusa mageuzi ya mmea: kwa mahali inapojipachika, na kwa hali ya ukimya wake baada ya kujipachika. Ya kwanza huacha alama ambayo mashine ya kusoma DNA itaiona. Ya pili haionekani kwa mashine hiyo mpaka mtu aamue kupima methili.

Kwa anayenunua miche

Miche ya tenera inayotokana na mbegu haipitii kalusi, hivyo hatari iliyoelezwa hapa haiihusu. Migomba ya tishu, ambayo wakulima wengi wa Afrika Mashariki wameizoea, kwa kawaida huzalishwa kutoka kwenye ncha ya chipukizi bila kupitia bonge la seli lisilo na umbo, na kwa hiyo hatari yake ni ndogo zaidi, ingawa nayo hutoa miche michache isiyofanana na mama.

Ikiwa mtu atakuletea michikichi ya klooni, mwulize mambo matatu kabla ya kutoa fedha: kalusi ilikaa chupani muda gani na iligawanywa mara ngapi, klooni hiyo imekwisha kuzaa wapi na kwa miaka mingapi, na kama kila mche umepimwa methili kwenye Karma au ni mti mama peke yake. Swali la tatu ndilo zito zaidi, kwa sababu mti mama siku zote una Karma njema. Ndiyo maana ulichaguliwa.